Kinyozi Hajui Kuchora Jino

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza shule! Mimi, mchora mabango ambaye herufi zake zinaning'inia juu ya nusu ya maduka ya mtaa huu, nimekaa tena dawatini. Usanifu wa michoro kwa kompyuta. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Anasema wateja wa siku hizi hawataki brashi, wanataka kitu kilichotoka kwenye mashine, na mwaka huu sijashika kazi ya maana. Nikamjibu sawa, nitakwenda. Ila si kujifunza. Nakwenda kuwaonyesha.

Mwalimu ni binti wa miwani mikubwa, rika la mdogo wangu wa mwisho. Amenipa shikamoo. Darasa zima limesikia! Na nani kakaa pembeni yangu? Jirani yangu, kinyozi. Eti naye anataka kuwa msanifu. Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ni kupunguza!

Kazi ya kwanza ni ya kweli. Daktari wa meno anahamia barabara kuu, anataka bango. Mchoro utakaoshinda ndio utakaotundikwa. Nimefika nyumbani nikawatangazia mke wangu, mama mkwe na muuza maji kwamba nimeshinda.

Jumanne, 5 Machi

Nimebeba darasani vitabu vya picha vya maktaba, mzigo wa kuvunja mgongo. Mawimbi ya Wajapani! Macho ya Misri ya kale! Mazulia ya Waajemi! Tausi wa Wahindi! Mafuvu ya Wameksiko yenye maua, na fuvu lina meno tele, daktari atake nini tena? Nimeyatia yote. Kwa nini jino liwe jino tu, kama halina ndugu duniani?

Mkosi mdogo. Nilikosea mstari mmoja. Mkono una mazoea yake: nikachomoa mfukoni kitambaa chenye tapentaini ya kufutia rangi, nikapangusa. Mstari ukabaki pale pale. Kioo cha kompyuta ndicho kilichoingia ukungu. Mwalimu akauliza kumetokea nini. Nikamwambia ni mbinu.

Sasa natumia kompyuta moja na Kinyozi, kwa zamu. Ikifika zamu yake anauficha mchoro kwa mgongo. Mgongo wenyewe mpana kama kabati.

Jumatano, 6 Machi

Mpango! Siri za mji mzima humwagwa kwenye kiti cha kinyozi. Basi nikaenda dukani kwake, nikakaa, nikamwomba apunguze kidogo pembeni. Kisha nikamchokoza: jino lako linaendeleaje, jirani?

Akachangamka. Hapo ndipo nilipoponzeka. Akaanza kunieleza kwamba uzuri ni kile kinachobaki ukishaondoa, na kila alichosema alikionyesha kwa mashine. Akaondoa hapa. Akaondoa pale. Alipofika kwenye "ukiona bado kuna cha kutoa, toa," nilikuwa nimebaki na masikio tu.

Nyumbani mama mkwe alinikuta sebuleni, akanikaribisha kiti, akaniambia mwenye nyumba hajarudi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Lakini siri ninayo! Kinyozi kachukua herufi M ya neno MENO, miguu yake akaifanya mizizi ya gego. Basi! Nyeusi juu ya nyeupe. Nimemhurumia. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Walisahau kuongeza kwamba hachori pia.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu amepitia michoro. Mbele ya wangu alisimama sana kuliko mbele ya yote. Nikajua mambo yameiva.

"Mzee wangu," akasema, "jino liko wapi?"

"Lipo, Mwalimu. Limezungukwa."

Akaniambia kwa upole kwamba anaupenda mkono wangu, kila wimbi lina uhai, lakini mpita njia hana muda wa kutafuta. Niache nafasi tupu, jicho lipumue. Jicho lina pua?

Nimeupeleka mchoro nyumbani kwa watu wanaonipenda. Mama mkwe aliusogeza mbali, akauleta karibu, akasema kuku kapendeza. Kuku! Mke wangu akasema taratibu kwamba yeye jino likimuuma, akapita chini ya bango lile, atapitiliza bila kujua ni la meno. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumaliza chakula.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mkubwa: wananchi waamue! Nimechapa mchoro wangu mkubwa, wenye rangi zote. Wa Kinyozi nikauchapa kwenye nusu karatasi. Haki bin haki. Nikaenda nayo kwa daktari wa meno, penye foleni.

Wagonjwa wenye mashavu yaliyoumuka hawasemi, wananyoosha kidole. Wote walinyoosha kwenye gego. Mmoja alijikaza, akafungua mdomo kwa taabu, akaniuliza mazulia yanauzwa wapi.

Nilikuwa nakunja karatasi zangu niondoke. Mlangoni kulikuwa na mtoto wa kike kamng'ang'ania mama yake, analia hataki kuingia. Akauona mchoro. Kimya.

"Huyu ndege mbona ana macho mkiani?"

Nikamwambia yako mengine, atafute. Akatafuta. Daktari akatoka kuona kilio kimekwenda wapi, akanishika mkono, akaniingiza ndani na mchoro wangu. Nikaunyanyua juu ya kiti kwa mikono miwili, mtoto kalala anasaka macho kwenye mawimbi, mpaka jino likatoka.

"Bado sijamaliza!" akalalamika. Hakutaka kushuka.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kushinda.

Jumamosi, 9 Machi

Bango amepewa Kinyozi. Darasa likapiga makofi. Mimi nikapiga kwa adabu, yaani bila sauti.

Kisha Daktari akasimama. Akasema ule mchoro mwingine anautaka pia, wote, kwa brashi, kwenye dari juu ya kiti cha wagonjwa. Dari! Wachoraji wakubwa wa zamani ndio waliokuwa wakipewa dari!

Mke wangu alikuja kunichukua. Aliposikia hakucheka. Alinishika mkono njia nzima, mbele za watu. Mama mkwe ameshamwambia kila jirani kwamba mkwe wake ni mtu wa juu. Kinyozi naye alipita kunipongeza, akasema kazi ile yeye asingeiweza. Nikakubaliana naye.

Jumatano, 20 Machi

Dari limekwisha. Nimelala kwenye kile kiti nikalitazama mwenyewe hadi Daktari akaniomba nishuke, kuna mgonjwa.

Nimetafakari. Bango la Kinyozi watu hulipita mbio, mikono mashavuni. Langu wanalitazama wamelala, wametulia, midomo wazi! Kila mmoja! Hakuna mchoraji katika mji huu anayepewa heshima hiyo.

Mwalimu kaniuliza, baada ya yote haya, nimejifunza nini. Nikamjibu: kwamba nilikuwa sahihi. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Kazi mpya imetoka. Fundi wa miwani anataka bango. Mwalimu amesisitiza, macho yake kwangu, kwamba safari hii tuchore kitu kimoja. Kimoja tu. Nimemwelewa vizuri kabisa. Nitachora kitu kimoja tu: dunia.