Kichwa cha Kambale wa Dada Olga

Jumatatu, 1 Septemba

Nakiri hapa tu, sijamwambia mtu mwingine. Mimi ndiye niliyetupa kopo la krem katika bwawa la samaki la Mama. Krem ya kung'arisha ngozi. Niliipaka kwa siri wiki tatu, pale nyuma ya bwawa, nikitaka uso mpya kabla ya kumaliza shule. Siku moja Mama akatokea ghafla na kapu la chakula cha samaki. Mkono ukatupa wenyewe. Kopo lilikuwa wazi. Lilizama likitoa mapovu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Nilidhani yamekwisha.

Leo Dada Olga amefika kwa pikipiki kutoka Salamabila, mimba ya miezi saba. Huko mume wake anachoma dhahabu kwa zebaki, na muuguzi alimwambia moshi ule si mzuri kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana amekimbilia kwetu. Mama amefurahi mno. Ametangaza kwamba Jumapili atamvua yule kambale mkubwa, wa miaka mitatu, na kichwa chote ni cha Olga. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki hupewa mwenye mimba.

Na krem zile, wengine husema zina zebaki.

Sikula jioni.

Jumanne, 2 Septemba

Nimefungua daftari la kemia la mwaka wa sita. Njia ipo! Unataka kujua kama kitu kitajikusanya ndani ya samaki? Kitie katika chupa yenye maji na mafuta, tikisa, ngoja. Kikikimbilia mafuta, kitakimbilia pia mafuta ya samaki.

Nilikwenda dukani kwa Amisa, aliyeniuzia kopo lile. Akacheka, akasema mteja wake amerudi. Nikaomba kidogo tu, ya kujaribu kwa kidole. Nyumbani nikatikisa na maji na nusu chupa ya mawese ya Mama. Krem yote ilipanda kwenye mawese. Yote!

Kisha hesabu. Kutoka majini hadi majani ya bwawa, hadi wadudu, hadi tilapia wadogo, hadi kambale anayewala. Kila hatua nimezidisha kwa kumi, maana kumi ni rahisi. Jibu: kambale ana krem nyingi kuliko kopo zima. Nimerudia. Jibu ni lile lile.

Hata hivyo mpango upo. Sumu iko katika mafuta, basi nitayakata mafuta yote. Nimeomba nipike mimi Jumapili. Mama ameuliza kama naumwa. Kisha ameuliza mawese yake yamekwenda wapi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Gédéon, aliyetufundisha kemia. Nimemwambia ni shida ya rafiki yangu. Amesoma hesabu yangu, akafuta miwani, akaisoma tena. Akasema njia ya mafuta ni nzuri kwa vitu vinavyopenda mafuta, lakini zebaki haifuati njia hiyo. Yenyewe huingia katika nyama. Kisu hakiitoi, moto hauitoi. Samaki mkubwa, mzee, anayekula wenzake, ndiye hubeba nyingi. Kama krem ile ilikuwa nayo, na kiasi gani, hakuna ajuaye bila kupima, na hapa Kasongo yeye hajui mahali pa kupimia.

Kisha akaniangalia usoni muda mrefu.

"Mwambie rafiki yako aseme na mwenye samaki. Hesabu haiwezi kusema kwa niaba yake."

Nimeshukuru kwa niaba ya rafiki.

Ijumaa, 5 Septemba

Kusema siwezi. Ila samaki asiyekuwepo haliwi!

Alfajiri nilimnasa kambale kwa kapu. Alinipiga kofi kwa mkia. Sharubu moja ilikatika. Nilimbeba kwa ndoo hadi kijitoni, akaondoka bila kuaga. Mama nimemwambia ameliwa na fisi-maji. Mama alikaa kando ya bwawa akitazama maji, mikono mapajani. Miaka mitatu amemlisha yule samaki. Nilitaka kumshika bega. Nikaenda kufagia ua.

Jumapili, 7 Septemba

Papa Emile, jirani wa huko chini, amekuja na zawadi kwa mwenye mimba. Amesema ameivua jana kijitoni, Mungu amempa. Kambale mkubwa. Sharubu moja haipo.

Mama akaimba. Nikaomba kupika, akanifukuza jikoni kwa ajili ya yale mawese. Saa saba sahani ikafika. Olga akashika kichwa kwa mikono miwili, akakipuliza. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Dada, usile. Ndani yake iko krem yangu."

Nikasema yote, mpaka ndoo. Mama hakupiga kelele.

"Krem tuliijua, Pascaline. Uso yako iko nyeupe ya Kinshasa, vidole yako iko ya hapa. Tulingojea useme. Lakini ya samaki hatukuijua."

Olga alirudisha kichwa sahanini polepole. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake. Mtoto alipiga teke moja. Papa Emile alikuwa amekwisha kumeza kipande. Aliuliza kama naye ataanza kung'aa.

Samaki amezikwa shambani. Tumekula mayai.

Jumatano, 17 Septemba

Bwawa limekaushwa. Nilichimba tope mwenyewe, siku mbili, nikalipata kopo. Tupu kabisa. Nimelitazama sana.

Sitarudia. Ila uso wangu sasa una madoa, kama chapati. Amisa anasema ipo krem nyingine inayorudisha rangi ya kwanza. Nimempa hereni zangu, amenipa kopo. Tatizo ni pa kuliweka, maana Olga hupekua kila kona akitafuta nguo za mtoto.

Safari hii nimefikiri kama mkemia. Hatari inahitaji maji na samaki. Bwawa halina maji wala samaki! Kopo nimelifukia katikati, kwenye tope, kifuniko nimekikaza vizuri. Mama anasema mvua ya kwanza ikijaza bwawa ataweka vifaranga vya tilapia, lakini nitakuwa nimemaliza krem zamani.

Upande wa Lusangi radi imeanza kunguruma.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Olga.