Sharifu Chini ya Kuba

Jumanne, 14 Januari. Ibra.

Nimepata njia! Mwaka mzima nawaza namna ya kumposa Bi Kuruthum, mwalimu mstaafu, mjane kama mimi mgane. Leo arusini kasema mbele ya watu kwamba yeye mwanamume humpendea elimu. Binamu yangu Abdulsamad naye kasikia. Akarekebisha kilemba, akakohoa. Huyo hana elimu, ana gari jipya tu. Nikamuwahi. Nikatangaza kwamba Jumamosi nawatembeza watu wote kwenye magofu ya zawia ya kale, njia ya Sur, ambayo naijua nje ndani. Sijawahi kufika.

Alhamisi, 16 Januari.

Nimesoma kutwa. Zawia ina miaka mia saba. Wanavyuoni waliishi humo wakisali na kusomesha. Baada ya hapo nikalala. Lakini pichani nimeona kuba dogo pembeni. Hapo ndipo Abdulsamad atakapokiona! Sisi watu wa Unguja tuliohamia huku kwa Waarabu tunajua: penye kuba pana sharifu, na penye sharifu pana Fatiha. Nimenunua ubani na marashi, chetezo nimeazima. Jina la sharifu kitabuni halimo. Nimempa mwenyewe: Sharif Azzam. Lina heshima.

Jumamosi, 18 Januari.

Siku gani hii! Tumekwenda na gari la Abdulsamad, basi Bi Kuruthum kakaa mbele. Mimi nyuma, sufuria ya biriani mapajani. Mvumilivu hula mbivu, nikajisemea, na mapaja yanaungua. Wengine walifuata na magari yao.

Kufika, nikawaonyesha mihrabu na vyumba vya wanafunzi. Abdulsamad, kwa uchokozi, akauliza vile vishubaka ukutani ni vya nini. Nikamjibu vya kuwekea elimu. Bi Kuruthum akatabasamu. Moja bila!

Kisha kuba. Nikawavua watu viatu. Nikafukiza, nikanyunyiza marashi, nikasimulia karama za Sharif Azzam, alivyoita mvua na alivyomnyamazisha chui. Machozi yakanitoka, maana moshi ulikuwa mwingi. Watu kumi na wawili wakainua mikono. Abdulsamad ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo akaja mbio mlinzi wa magofu, kijana wa hapo hapo, Maen. Kwa adabu kabisa akauliza kwa nini tunalifukizia birika.

Lahaula! Birika la maji ya kutawadhia! Hakuzikwa mtu humo tangu lijengwe. Wamo popo tu, na popo wenyewe, moshi ulipowazidi, wakatoka wote kwa pamoja. Watu wakatimka bila viatu. Abdulsamad alikimbilia ndani ya gari akajifungia. Mimi nilisimama na chetezo mkononi, nimekwisha.

Namtazama Bi Kuruthum, kakaa juu ya jiwe, kashika mbavu, anacheka hata sauti haitoki. Alipopata pumzi akasema tangu afe marehemu mumewe, miaka minne, hajacheka hivi.

“Wallahi, Shaweji,” akaniambia, “huyo sharifu wako kanifufua mimi.”

Kurudi, akakataa kukaa mbele. Kakaa nyuma, sufuria katikati yetu. Karibu na Ibra akaninong'oneza niwapeleke wazee wangu kwa kaka yake Ijumaa. Nina furaha, nina furaha, nina furaha!

Jumapili, 19 Januari.

Sikulala. Nimelipima jambo hili na kuona wazi: kilichomvuta Bi Kuruthum ni elimu yangu. Abdulsamad anasema ni kwa vile nilimchekesha. Husuda! Na yule Maen ni mtoto wa juzi, ya miaka mia saba atayajulia wapi?

Nasikia kaka mtu anapenda sana habari za nasaba. Basi Ijumaa nitamweleza kwamba sisi ni kizazi cha Sharif Azzam mwenyewe. Nimekaa tangu alfajiri nauandika ukoo, mababu kumi na sita kwa mfululizo. Wamebaki wawili tu sijawapa majina.