Jeli Yangu ya Pilipili Mbele ya Juri

Jamani, leo nimeaibika hapa Kasongo mpaka natamani kuhamia Salamabila nikachimbe dhahabu.

Leo nilikuwa natetea kazi yangu ya kumaliza masomo. Nikishindwa, narudia mwaka mzima. Kazi yenyewe ni jeli ya kupaka magoti yanayouma: ute wa dongodongo (bamia, kwa mlio mbali) uliochanganywa na dawa niliyokamua kwenye pilipili. Ute unaishika dawa na kuiachia kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Ndiyo ubingwa wangu huo.

Shangazi yangu alipanda pikipiki kutoka Kabambare kuja kunisikiliza. Magoti yake ndiyo yaliyonipa wazo. Akakaa mstari wa mbele. (Nilimwomba akae nyuma. Hakusikia, au alijifanya.)

Nikafungua kopo, nikachovya vidole viwili, nikawaonyesha watu wa juri, walimu wanaonipima, jinsi jeli inavyonata. Safi! Kisha profesa, mkubwa wao, akavua miwani.

"Utahakikisha namna gani kama dawa inatoka polepole?"

Nikafungua kinywa nijibu. Jasho likanitiririka usoni. Nikajifuta. Kwa vidole vilevile!

Mungu wangu! Macho yote mawili yakawaka moto. Machozi chururu, kamasi nazo hazikubaki nyuma.

Profesa akashtuka. "Mama, usilie. Ni ulizo tu."

"Silii, Profesa!" nikasema, huku nalia.

Shangazi huyo, kasimama. "Mumuache mutoto! Iko analia na munaendelea kumuuliza? Aliiba nini?"

Nikaletewa maji, nikanawa. Kosa lingine! Ute ule ukikutana na maji unavimba, unateleza, hautoki. (Nimeliandika hilo mwenyewe, ukurasa mzima.) Nikautandaza mpaka puani. Maswali yaliyobaki nikayajibu kwa chafya, sioni mtu, nimeukabili ukuta. Nikajua mwaka wangu umekwenda.

Mwishowe nikamsikia profesa akiwaambia wenzake: "Maulizo tumeyamaliza yote, na yeye iko analia bado. Kweli, hii dawa inatoka polepole."

Nimefaulu, jamani! Ila naomba msicheke. Macho bado hayafunguki, namtajia shangazi maneno na yeye ndiye anayeandika haya, na kicheko chake kinatosha.