Kilalo cha Mashujaa wa Kasungami

Mikrofoni inasikika huko nyuma? Vizuri sana. Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mamlaka ya mkoa, ambaye amepata udhuru na kututumia dereva wake. Watukufu machifu wa mitaa. Baba padri na sheikh wetu mliokubali kuketi kwenye benchi moja kwa sababu la pili limevunjika. Mama wauza mboga, papa wakulima, vijana wa taksi-moto ambao nawaomba mzime injini. Watumishi wa protokali mnaonishikia mwavuli ingawa mvua haijaanza. Wakaaji wa Kasungami wa upande huu wa mto, nanyi wakaaji wa Kasungami wa upande ule, ninaowaona mmesimama kwenye matope kwa nidhamu kubwa. Na hatimaye, kwa ule unyenyekevu wangu ambao mji mzima wa Lubumbashi unaujua, mimi mwenyewe, Mheshimiwa Edouard Mwilambwe, Mratibu Mkuu wa Komisheni ya Mpito ya Kuwaenzi Mashujaa wa Kila Siku: wote kwa vyeo vyenu, itifaki ikiwa imezingatiwa kikamilifu, nawasalimu!

(Makofi machache. Mbuzi analia.)

Asanteni, asanteni, mketi, na waliokosa viti wabaki walivyo. Leo ni siku ambayo historia imevaa suti, kwa maana leo, mbele ya utepe huu mnaouona umefungwa kati ya vijiti viwili, tunafungua rasmi Daraja la Mashujaa, ama, kama tunavyosema hapa nyumbani kwa lugha ya mama zetu, Kilalo cha Mashujaa, kazi kubwa ya développement, yaani maendeleo jumuishi, shirikishi na endelevu, ambayo haijapata kuonekana katika eneo hili.

(Sauti ya mama aliyeketi mbele: "Haiyaonekana kweli! Papa, kilalo yenyewe iko wapi?" Kicheko.)

Maswali yatapokelewa mwishoni, mama, katika awamu ya maswali, endapo muda wa kitaasisi utaruhusu. Lakini nafurahi kwamba umesema, kwa kuwa huyo aliyesema, mabibi na mabwana, ndiye shujaa wetu wa leo, Mama Laurentine Ngoie, mjane wa mfanyakazi wa reli, mkulima wa mboga za lengalenga na bamia. Simama, mama, watu wakuone.

(Mama Laurentine anabaki ameketi. "Baliishaniona," anasema. "Kilalo ndiyo habajaona.")

Unyenyekevu huo! Sasa, ili vizazi vijavyo na waandishi wa habari waliopo waelewe, ni wajibu wangu kusimulia kilichotokea mahali hapa masika yaliyopita, na nitasimulia kama mashahidi walivyoniambia, maana mimi binafsi siku hiyo nilikuwa hoteli ya Karavia, kwenye mkutano wa tathmini uliokuwa na samaki wa kuchoma.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kijito hiki mnachokiona leo kimetulia kama mtoto aliyeshiba kilikuwa kimefura, chekundu, kinabeba matawi na ndoo za watu, na lile gogo la mkaratusi mlilozoea kupitia lilikuwa limekwenda na maji. Upande ule alikuwako binti mmoja, Syntiche, ambaye mume wake alikuwa safarini Likasi. Uchungu wa kuzaa ukamshika. Na kituo cha afya kiko upande huu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, wazee wa kike wamempapasa na kutikisa kichwa, na kila mtu pale ukingoni alijua kwamba wasipomvusha kabla ya giza, watazika wawili.

(Ng'ambo ya mto mwanamke mwenye mtoto mgongoni anajifuta macho kwa kona ya kitenge.)

Ndipo Mama Laurentine, aliyekuwa amekwenda upande ule kumsalimu rafiki, akasema neno moja: "Tutavuka." Wenzake wakamuuliza, "Na nini?" Alikunja kitenge, akachukua mpini wa jembe, akaingia majini kupima kina. Maji yakambeba! Yakamzungusha, yakampeleka mpaka pale kwenye kona, watu wakapiga kelele, wengine wakaanza kumlilia akiwa bado hajafa. Akashika mzizi. Akapanda tena ukingo ule ule bila kitambaa cha kichwa, akitema matope, na la kwanza alilosema, kwa mujibu wa mashahidi, lilikuwa...

("Nilisema: pale katikati maji inafika mu kifua, haipite kichwa!")

Kwa mujibu wa shujaa mwenyewe, basi. Hii ndiyo tunaiita étude de faisabilité, yaani upembuzi yakinifu, mabibi na mabwana, na naomba ieleweke kwamba komisheni yangu imeitambua étude hiyo kuwa ya kwetu.

Kisha akamwita Fundi Moustapha, seremala, wa ile familia ya Kasongo ya Maniema mnayoijua nyote, aliyekuwa nyumbani kwake pale juu, upande ule ule, akila. "Moustapha, leta mulango!" Fundi akauliza, na ndilo swali ambalo hata mimi ningeuliza: "Mulango gani?" "Ya nyumba yako!" Fundi Moustapha akamtazama mke wake. Nyumba ya watu, mvua hii, kuku ndani, mchele ndani. Na huyo mke, Bi Amida, aliweka sahani chini, akaenda mwenyewe kuchukua nyundo.

(Makofi ya kweli, marefu, vigelegele. Bi Amida anajifunika uso kwa mtandio.)

Asanteni kwa kunishangilia. Mlango ukang'olewa, ukaja mabegani. Syntiche akalazwa juu yake, akafungwa kwa vitenge ambavyo akina mama walivivua viunoni mwao bila kuulizana, wakabaki na sketi za ndani mbele ya mashemeji. Wanaume wakaingia majini, wakashikana mikono, mlango ukawa juu ya vichwa vyao. Mama Laurentine alitembea karibu na kichwa cha binti, maji kifuani, akimwambia, "Angalia miye. Usiangalie maji. Angalia miye tu." Walipofika katikati, mmoja akateleza, kona ya mlango ikashuka, Syntiche akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Fundi Moustapha akaingiza kichwa chini ya ile kona, akazama mzima, akabaki amezama, anatembea chini ya maji kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, mpaka wenzake wakasawazisha. Walipomvuta nje alikohoa maji. Bado alikuwa amekunja shingo.

Mtoto alizaliwa kituoni jioni ile ile. Msichana. Yuko pale mgongoni kwa mama yake. Mlango ulioachwa ukingoni ukachukuliwa na maji, na Fundi Moustapha, seremala anayewatengenezea watu wote milango, mpaka leo nyumba yake inafungwa kwa turubai, maana kila ubao anaopata unakwenda kwenye mlango wa mteja.

Na Serikali ilikuwa wapi? Mtauliza. Wapinzani wameuliza. Nami najibu kwa fahari: kesho yake saa za asubuhi, mara tu njia ilipokauka, nilikuwa hapa na mpiga picha! Tukawaomba mashujaa, kwa heshima zote, warudie tukio lile kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa, na tukamwomba mzazi alale tena juu ya ubao wowote kwa dakika chache tu, mimi nikiwa nimeshika kona ya mbele. Kwa bahati mbaya utamaduni wa mawasiliano bado haujakomaa miongoni mwetu, na Mama Laurentine alimfukuza mpiga picha wangu kwa ufagio mpaka kwenye gari. Nimesamehe. Hapo hapo, nikiwa tayari nimeingia garini, vioo juu, niliiambia redio: hapa patakuwa na daraja!

(Sauti ya Syntiche kutoka ng'ambo, mikono mdomoni: "Papa! Mvua inarudia! Dada yangu Jeanne iko karibu kuzaa! Kilalo itaisha lini?")

Itaisha? Binti yangu, imekwisha! Tangu siku ile komisheni yangu haikulala. Tumefanya vikao vya uhamasishaji, semina ya kujenga uwezo, ziara ya kujifunza kuhusu madaraja katika nchi ambayo kwa kweli haina mito lakini ina hoteli nzuri. Tumepiga hatua ya asilimia tisini na tano katika awamu ya kwanza, asilimia mia na kumi katika awamu ya pili, na awamu ya tatu imeamua yenyewe kusubiri. Tumetenganisha daraja-dhana, ambalo liko tayari, na daraja-nguzo, ambalo ni suala la kiufundi tu lisilopaswa kutugawa. Na leo hii, bila kupoteza muda zaidi, naomba mkasi.

(Mtumishi wa protokali anamletea mkasi wa fundi cherehani. Mheshimiwa anakata utepe. Vijiti vyote viwili vinaanguka. Nyuma ya utepe ni mto.)

Kilalo cha Mashujaa kiko wazi! Mashujaa oyé!

("Oyé," anajibu dereva wa mwakilishi wa mwakilishi, peke yake. Kisha sauti moja kutoka kwa vijana wa taksi-moto: "Avuke!" Nyingine: "Avuke wa kwanza!" Umati wote, pande zote mbili za mto: "A-vu-ke! A-vu-ke!")

Nimeguswa. Nimeguswa sana na mwaliko huu wa wananchi, ambao ningeukubali mara moja kama si viatu hivi, ambavyo ni vya ngozi, na kama si ratiba, ambayo... Wewe wa redio, bado unarekodi? Bado. Basi nasema kwamba kiongozi wa kweli haogopi kuvuka na watu wake, ila utaratibu wa usalama unataka...

(Mama Laurentine anasimama. Anavua kandambili, anakaza kitenge, anakuja mbele ya jukwaa, anageuza mgongo na kuinama. "Panda, papa.")

Mama, cheo changu hakiruhusu.

("Panda. Nilibeba mifuko ya mahindi kupita weye." Umati unapiga kelele. Protokali mwenyewe, huku akicheka, anamsukuma kidogo. Mheshimiwa anapanda, mikrofoni mkononi, viatu vimetazama mbele. Wanaingia majini.)

Mnaona, mabibi na mabwana! Mnaona ushirikiano wa viongozi na wananchi! Piga picha. Piga kabla hatujafika mbali. Uongozi ni kubebana, na mimi leo... Mama, mbona umesimama? Hapa ni katikati.

("Ndiyo, ni katikati. Nimechoka. Utoe kwanza aksanti, ndiyo tuendelee. Ushukuru bale benye balijenga.")

Mama, shukrani ziko ukurasa wa mwisho, na karatasi nimeziacha kwa protokali.

("Sema ya kichwani.")

Basi. Nashukuru kwanza injinia mkuu wa daraja hili, mtaalamu wa kiwango cha kimataifa, ambaye...

("Jina yake?")

...ambaye jina lake litajulikana atakapoteuliwa. Nashukuru kampuni ya ujenzi, ambayo ingefanya kazi nzuri sana kama ingeitwa. Nashukuru wafadhili, ambao hatukuwaandikia, na ninawashukuru kwa kutokukataa. Mama, umelegeza mkono.

("Unalemea, papa. Uongo iko nzito." Kicheko pande zote mbili. Watu wanasogea ukingoni wasikie.)

Nashukuru michoro. Hakuna michoro. Nashukuru ile saruji mliyoambiwa imefika mtaa wa Hewa Bora. Haikufika Hewa Bora wala kokote, nilitaja Hewa Bora kwa sababu jina lilinijia mdomoni. Mama, nakuomba, maji yamefika kwenye soksi. Nashukuru Kilalo cha Mashujaa chenyewe, ambacho... ambacho hakikuwahi kuwapo. Si kwenye ardhi, si kwenye mpango, si hata kwenye mkutano wa Karavia. Nilikisema siku ile redioni kwa sababu waliniuliza nitafanya nini, na sikuwa na la kujibu, na mtoto alikuwa analia, na nyote mlikuwa mnanitazama. Ndugu zangu wa Kasungami, asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mama Laurentine anaitikia kwa kichwa. "Aksanti, papa," anasema, bila ukali. Kisha anaachia mikono yote miwili. Mheshimiwa anaingia majini kwa miguu yake, suti mpaka kifuani, mikrofoni juu. Maji hayapiti kichwa. Ukingoni Fundi Moustapha anafungua kamba ndefu, anafunga ncha moja kwenye kisiki, na kumtupia ncha ya pili. "Upeleke upande ingine, mheshimiwa!" anaita. "Tupime urefu. Mbao tutaanza kukata leo, Jeanne hatangoja semina." Ng'ambo ya mto Syntiche amekwisha kunyoosha mkono. Mheshimiwa anaikamata kamba, anaitazama, anatazama pande zote mbili, kisha anaweka mikrofoni mdomoni kwa mara ya mwisho.)

Nishike wapi, mama?