Maadui Kumi na Mmoja Nyuma ya Kilima

Jumatatu, 2 Juni

Kwenye banda langu la video leo watu tisa. Mmoja amelala. Filamu nzuri kabisa, ngumi tangu mwanzo, nami nimeitafsiri kwa nguvu zangu zote. Ndiyo kazi yangu: watu wa nje wanapigana kwenye skrini, mimi Masele wa Kirumba nashika maiki na kuwasemea kwa Kiswahili. Miaka kumi na minane sasa. Leo nimewasemea watu wanane na mkoromo mmoja.

Wengine wote wako kwa Mwalimu Rwehumbiza. Mstaafu, mtu wa Bukoba, miwani. Kafagia ghala la zamani la pamba, katandika mikeka, anaonyesha filamu za watawa wa Kibudha, bure, kila Jumatatu na Jumatano saa kumi na moja jioni. Mtawa anapanda mlima. Mtawa anachemsha chai. Filamu ikiisha watu wanakaa kimya dakika kumi, kwa hiari yao wenyewe, kisha wanakwenda nyumbani.

Na mke wangu Suzana yuko huko. Suzana, aliyekaa benchi la mbele kwangu tangu hatujaoana! Nilimpata kwa sauti hii hii. Karudi ametulia. Nikaweka viatu vyenye matope juu ya kochi, makusudi. Kaviondoa, kaendelea kuchambua mchele. Siku ya tatu sijagombezwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nina wasiwasi.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemfuata Jovitha, katibu wa kwaya, ambaye ukimwambia neno asubuhi mchana limefika Buzuruga. Nikamnong'oneza kwamba pale ghalani watu wanabadilishwa dini. Akasema hakuna anayebadilishwa chochote, hata katekista huenda, na tangu aanze kwenda mafundisho yake yamekuwa mafupi. Kigango kizima kinamshukuru Mwalimu. Akaniuliza kama nina mto wa kukalia, maana sakafu ni ngumu.

Mpango wa pili ni bora. Nimekwenda kwa Mwalimu mwenyewe. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwa upole kwamba watawa wake wanazungumza lugha ya mbali, maandishi ya chini ni Kiingereza, na akina mama wa nyuma hawaambulii kitu. Mimi natafsiri. Akafikiri sana. Akakubali kwa sharti moja: niseme yanayosemwa tu.

Hakuna shida. Kesho Suzana atanisikia tena.

Jumatano, 4 Juni

Kwanza niandike hili: kosa si langu. Dakika saba za mwanzo hakuna anayesema neno. Mtawa anachota maji. Mtawa anaketi. Mimi nimeshika maiki. Bandani kwangu mtafsiri akinyamaza kidogo tu, watu wanauliza kama amefariki. Nikavumilia. Nikamwonea huruma Mwalimu. Nikasaidia.

Nikasema huyu mtawa ni mtu wa Magu, kadhulumiwa fahali na shemeji yake, kakimbilia milimani kujipanga. Vichwa vikageuka. Nikasema ndani ya mtungi kuna sumu. Wakasogea mbele. Utamu ukanizidi, nikasema nyuma ya kile kilima wanakuja maadui kumi na mmoja.

Hawakuja. Saa nzima watu wamekodolea macho kilima. Mtawa akanywa maji ya sumu, hakufa. Akafagia majani. Filamu ikaisha. Ngosha, mbeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, akasimama na kudai maadui wake. Zile dakika kumi za kimya zikaliwa na kesi ya fahali, nusu ya watu wakimtetea shemeji. Mwalimu akazima mashine, akakunja mikeka mmoja mmoja. Suzana akatangulia nyumbani.

Alhamisi, 5 Juni

Suzana amezungumza. Bila hasira, na hapo ndipo pabaya. Amesema dakika zile kumi ndizo pekee katika wiki ambazo hakuna mtu anayemwambia anachokiona. Mvua ikinyesha, namtangazia. Ugali ukiiva, namtangazia. Amesema anaipenda sauti yangu, ila miaka yote hii hajaona filamu hata moja bandani, amenisikia mimi tu. Kuhusu kurudi kwenye benchi la mbele, hana hakika.

Nimeumia. Nikatoka kulisha kuku ili nisijibu. Nikajikuta nawaeleza kuku kwamba wanakula. Nikaacha.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda bila maiki, nikakaa mlangoni. Filamu ni ile ile. Mwalimu kairudia ili watu waione inavyostahili. Nikajaza mdomo muwa, nikatafuna taratibu. Muwa ukaisha. Nikaendelea kunyamaza.

Mtawa alipofagia, nikaona anaacha majani matatu chini ya mti, kwa kupenda. Wiki iliyopita nilikuwa nazungumza wakati huo. Leo hakuna aliyeniambia, nimeyaona mwenyewe. Suzana akasogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Dakika kumi tukasikiliza korongo wakitembea juu ya bati. Nilikuwa na neno zuri sana kuhusu korongo. Nimelimeza.

Njiani kanigombeza habari ya viatu, kutoka ghalani hadi mlangoni. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 13 Juni

Mwalimu kaniazima flashi yenye filamu ile niionyeshe bandani kesho. Suzana ameahidi kukaa benchi la mbele, mradi kuwe kimya kama ghalani. Nimemwapia.

Na nitatimiza. Kimya ni kitu kikubwa, sasa najua. Ila watu wa Kirumba huwezi kuwapa kimya ghafla, lazima waandaliwe. Kwa hiyo nitasema neno fupi mwanzoni, kuwaeleza kutakavyokuwa kimya. Neno la pili katikati, wasije wakasahau. Majani matatu nitawatajia, yasiwapite. Ngosha amekuja mara mbili kuulizia maadui. Nimemwambia avumilie hadi dakika ya arobaini.

Benchi la Suzana nimelifuta vumbi. Maiki nimeitia betri mpya. Na ubao wa nje nimeuandika kwa mkono wangu, chaki nyeupe, herufi kubwa: KESHO, FILAMU YA KIMYA. IMETAFSIRIWA YOTE NA MASELE.