Vikombe Vinne vya Maji ya Baridi

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ukungu, baridi ya kuvaa skafu.

Siku ya sita ya tiba ya maji hapa Karlovy Vary, mji wa chemchemi huku Ucheki. Daktari ameniandikia maji ya chemchemi ya moto, vikombe viwili, ninywe nikitembea. Ni balaa! Bwana Ctibor, yule mgane wa meza ya dirishani, ameandikiwa ya baridi, yanayolegeza tumbo zito, ng'ambo ya mto. Bi Jarmila, ninayelala naye chumba kimoja, pia. Kila asubuhi wanatembea bega kwa bega, wakinyonya maji kupitia vishikio vyenye tundu vya vikombe vyao kama watoto wachanga.

Jumamosi kuna dansi. Bwana Ctibor hajapata mwenzi. Uamuzi: kuanzia kesho, mimi ni mtu wa baridi.

Jumatano, 15 Mei. Jua.

Nimevuka mto. Bwana Ctibor alishangaa, akasema hakujua kwamba hata tumbo langu ni zito. Nikasema ni zito tangu ujana. Ametualika sote wawili kesho, kwa miguu, kupitia msituni hadi mji mdogo wa Loket. Huko ndiko ataamua nani wa kucheza naye. Nimeliona jichoni mwake.

Alhamisi, 16 Mei. Mawingu, upepo hafifu.

Kabla ya safari wao walikunywa kikombe kimoja kimoja. Mimi, kuonyesha bidii, vinne. Bi Jarmila akaninong'oneza: "We Zdenka, hiyo si bia, shauri yako." Wivu mtupu!

Kilomita ya tatu, tumbo likanguruma. Ya nne, nikaharakisha. Ya tano, nikakimbia. Nyuma nilimsikia Bwana Ctibor akisema kwa mshangao kwamba nina miguu ya paa.

Nikaifikia hoteli ndogo ya kando ya mto. Choo kipo. Mungu ni mwema. Nikakaa humo saa moja na dakika arobaini.

Bwana Ctibor alibisha hodi: "Bi Zdenka, u mzima humo?" Nikajibu kwamba natazama mandhari. Bi Jarmila akadakia: "Mandhari gani, mwenzangu? Humo hamna dirisha!"

Nilipotoka walikuwa wamemaliza bata, kabichi na mkate wa mvuke. Na walikuwa wamekubaliana kucheza pamoja Jumamosi. Loket hatukufika. Tulirudi kwa basi, mimi nimesimama karibu na mlango.

Ijumaa, 17 Mei. Mvua.

Nimechunguza kosa kwa utulivu. Maji hayana hatia. Kosa ni umbali. Kutoka sakafu ya dansi hadi choo ni hatua kumi na nane. Nimezipima mara mbili. Na leo kwenye chai Bwana Ctibor amesema, mbele ya meza nzima, kwamba hajawahi kuona mwanamke wa miaka sitini na mmoja akikimbia vile.

Kwa hiyo kesho vikombe sita, kisha namwomba ile dansi ya kasi.

Nalala sasa, saa tatu kasorobo.