Mistari ya Herufi Sabini

Jumatatu, 14 Julai
Siku njema! Mzee Rajabali anafungua duka la pili, Runzewe. Vifaa vya wachimbaji, kama hapa Katoro. Msimamizi atakuwa mmoja wetu: mimi, au Melania, Mama Stanslaus. Yeye ana miaka kumi na moja dukani. Mimi nina kipaji.

Mtihani ni barua pepe. Oda zote huenda Mwanza kwa Mzee Tanvir, binamu wa bosi. Kompyuta yake ya kale inaonyesha maandishi matupu tu, na mstari ukizidi herufi sabini unapotelea nje ya kioo. Juzi alipiga simu akifoka kwamba barua zetu anazisoma nusu nusu. Mzee kasema atakayemaliza kero hiyo ndiye wa Runzewe. Nimemwambia mke wangu Zuwena afunge vyombo. Kashaaga majirani.

Jumanne, 15 Julai
Nimehesabu herufi sabini, nikachora mstari juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya wino. Ukifika hapo, piga Enta. Barua moja, kazi ya saa tatu. Imenyooka! Mama Stanslaus akauliza kama wino huo unafutika. Haufutiki. Wivu tu.

Mzee akasifu, kisha akaongeza salamu. Hawezi kutuma barua bila kuulizia goti la shemeji yake. Maneno tisa, katikati ya aya! Mstari ukapita wino. Nikaukata, kipande kikasukuma wa chini yake, nao ukasukuma mwingine, hadi mwisho wa barua. Nikamaliza saa kumi. Mzee akakumbuka goti la pili.

Jumatano, 16 Julai
Dawa nimeipata! Programu ya kuandikia ina amri moja: unachagua maandishi yote, unabofya, inakunja mistari yenyewe kwenye sabini. Mzee kapiga makofi. Mama Stanslaus akasema nikunje aya tu, orodha ya bidhaa nisiiguse, na kwamba yeye kila akituma hupiga simu Mwanza kuhakikisha. Nikamjibu mbele ya Mzee kuwa zama za kupigiana simu zimepita. Akaniita ng'wanawane. Mwanangu! Tumepishana miaka sita.

Alhamisi, 17 Julai
Oda ya kufungulia Runzewe. Mzee kaandika mwenyewe, kila bidhaa na mstari wake, idadi mbele: 2 Matangi ya maji. 50 Sururu. 90 Ndoo. Nikachagua yote, nikabofya. Orodha ikaungana na salamu na magoti, kitu kimoja, kama tofali. Mstari mmoja umeishia na 2, wa chini yake umeanza "Matangi ya maji 50 Sururu 90 Ndoo". Hakuna herufi iliyozidi hata moja! Nikatuma. Simu sikupiga.

Jumamosi, 19 Julai
Balaa. Malori matatu. Matangi hamsini, sururu tisini, ndoo hakuna. Mzee Tanvir kaleta alichokisoma. Matangi yamejaa barabarani, bodaboda wamekosa kijiwe, wananitukana mimi! Mzee akakaa juu ya gunia. Angefoka ningepona. Nikamweleza kwamba kwa upande wa mistari, barua ilikuwa sahihi kabisa. Akaniomba nitoke nje.

Zuwena kauliza tunahama lini. Nikasema karibuni. Vyombo vyote vimefungwa, tunapikia sufuria moja. Naona aibu hata kumtazama.

Jumanne, 22 Julai
Mama Stanslaus kashika simu siku mbili. Ni kiangazi, wenye mialo ya kuoshea dhahabu hawana pa kuhifadhi maji. Kauza matangi thelathini! Ishirini yanaenda Runzewe, na yeye ndiye msimamizi. Mzee kamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, mbele ya wateja. Bila barua yangu angeuza nini? Hilo hakuna aliyelitaja.

Eti kaniombea niwe msaidizi wake. Kasema Zuwena hawezi kuendelea na sufuria moja. Zuwena kalia kwa furaha. Mimi nimekubali shingo upande.

Jumamosi, 26 Julai, Runzewe
Leo tunafungua. Mama Stanslaus anakuja na lori la mchana. Kanipa funguo, na bei kwenye faili: nichape, nibandike mlangoni, nisibadilishe kitu.

Orodha mbovu! Bei mbele, bidhaa nyuma, kila moja na mstari wake, nusu ya karatasi tupu. Siku ya kufungua! Nikachagua yote pamoja na maneno ya kukaribisha wateja, nikabofya. Mstari wa juu umeishia na 320,000. Wa chini: "Matangi 4,000 Ndoo 15,000 Sururu". Imenyooka mpaka raha.

Saa sita sasa. Foleni imefika barabarani. Ndoo hawazigusi, sururu hawaziulizi. Matangi tu! Mteja wa kwanza kanionyesha bei kwa kidole: elfu nne. Nikashangaa kidogo, lakini bei ni za bosi, mimi nani? Nimeshauza kumi na saba. Mzee mmoja kaniombea dua. Mama Stanslaus alihitaji siku mbili na simu. Mimi asubuhi moja na karatasi.

Yamebaki matatu. Lori lake lile linakata kona. Ngoja nikasimame mlangoni, pembeni ya orodha, asije akapita bila kuiona.